Kitalu cha miche ya asili Muheza: mivule yenye asili inayojulikana

Anayetafuta miche ya mvule apite kwenye kitalu kilicho kando ya barabara ya Muheza kwenda Amani. Miche ni mizima, mashina yamenyooka na mizizi haijatoboa viriba. Ila kilichonifurahisha zaidi ni daftari. Mama mwenye kitalu ameupa kila mti mama, yaani mti uliotoa mbegu, ukurasa wake: uko kijiji gani, bondeni au mlimani, mbegu ziliokotwa mwezi gani.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. "Mwanangu, ukiokota chini ya mvule mmoja unapanda ndugu watupu."

Amesema kweli. Mvule una miti dume na miti jike. Chavua hubebwa na upepo, mbegu husambazwa na popo na ndege wanaokula matunda. Msitu ulipokuwa umeshikana, jike lilipata chavua ya madume mengi. Sasa katikati pana mikonge na michungwa, na jike lililoachwa peke yake shambani huenda linategemea dume moja la ng'ambo ya bonde. Mbegu zitaota, lakini watoto ni wa baba mmoja mama mmoja, na wakizaana wao kwa wao kizazi kinadhoofika. Halafu kuna yule mdudu anayevimbisha machipukizi ya mvule mpaka yanaoza. Akikuta shamba zima ni la ukoo mmoja usiomhimili, hasazi kitu.

Kwa hiyo nilichukua michache ya kila mti mama nikaichanganya shambani. Mche haukuonyeshi kama ni dume au jike mpaka ukue utoe maua, kwa hiyo kupanda miwili mitatu ni kubahatisha.

Nawapa nyota nne. Miti mama yao bado haitoshi, na mingi iko karibu karibu kandokando ya barabara. Wataalamu wa mbegu hushauri isipungue 30 hivi, iliyoachana mita 50 hadi 100. Nilimwambia mama, akasema msimu ujao vijana watakwea kuokota mbegu mpaka vijiji vya juu. Na vibao vya viriba vinaandikwa kwa kalamu ya wino, mvua moja tu maandishi yamekwenda. Nendeni na penseli, muandike upya jina la mti mama kabla ya kupakia. Masika yakikaribia miche huisha haraka, wahini.