Ukitaka zege la urembo Njombe, anza na vanishi

Baba mkwe wangu hajawahi kuingia kwetu bila kupiga hodi kuanzia getini. Juni mwaka jana alipiga hodi, nikasikia fimbo ikigonga zege, ko, ko, ko, kisha kimya, kisha kishindo. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, kofia iko kule, ananitazama. "Mkwe," akasema, "leo mmefulia hapa?"

Hatukufulia. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujainuka, na uwanja wangu mpya wa zege la muhuri, nilioulipia kwa mavuno mawili ya parachichi, ulikuwa umelowa umande na unang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Alinyanyuka mzima, Mungu ni mwema. Aibu ilibaki kwangu.

Kwa asiyelijua, zege la muhuri ni zege la kawaida, unene wa sentimita 10 hivi, linalonyunyiziwa rangi ya unga likiwa bichi, likapakwa poda ya kuzuia kunata, kisha mafundi wakalikandamiza kwa mikeka ya mpira yenye sura ya mawe, mbao au matofali. Likishika, unadhani umetandaza mawe ya mtoni. Mwisho hupakwa majimaji ya kuling'arisha, ambayo mafundi wetu huyaita vanishi. Balaa lote la watu wa milimani limejificha kwenye hiyo vanishi, na sijakutana na muuzaji anayeitaja kabla hujalipa.

Tangu nisimulie kuanguka kwa mzee, wameniandikia watu wa Makete, Mufindi, Lushoto na dada mmoja wa Kibosho. Kilio ni kimoja: zege limeingia weupe, linateleza, linabanduka kama ngozi ya nyoka. Basi leo tuongee. Kuhusu mtindo upi unaendana na rangi ya bati lako sina la kusema, hayo utayaona kwa macho yako.

Vanishi ziko za aina mbili. Ya kwanza hukaa juu ya zege kama nailoni. Hii ndiyo ya kung'aa, mara nyingi ni akriliki, aina ya plastiki ya majimaji, na ndiyo iliyoko kwenye kila picha utakayoonyeshwa. Ya pili hunyonywa na zege, haiachi ngozi yoyote juu, haing'ai hata kidogo, lakini maji ya mvua hayaingii na unyevu wa chini unapata pa kutokea. Huku kwetu ardhi hulowa kuanzia Novemba hadi mvua zitakapokwisha, na mvua zikiaga, ukungu unapokea zamu. Unyevu hupanda kutoka chini ya zege ukitafuta njia, ukifika juu unakuta mlango umefungwa na ile vanishi ya kwanza. Unabaki palepale. Ndio ule weupe kama maziwa yaliyomwagika. Na upande wa juu, vile vinyweleo vya zege vilivyokuwa vinashika soli ya kiatu vimezibwa vyote, kwa hiyo umande kidogo tu, au ule ukijani unaoota upande usiopata jua, na mzee wa watu yuko chini.

Fundi wangu alipaka siku ya nne. Zege linataka kama siku 28, na kwenye baridi yetu hata hizo usizihesabu kwa kalenda peke yake. Kata kipande cha nailoni nzito, kama nusu mita kila upande, kibandike kwenye zege kwa gundi ya utepe pande zote nne, kilale. Asubuhi kibandue: ukiona matone chini yake, au zege limekuwa jeusi kuliko majirani zake, mwambie fundi arudi kwao. Na aoshe ile poda ya mihuri mpaka iishe, maana ikibaki vanishi haishiki. Nilipolalamika, alikuja na kopo jingine akapaka juu ya ile ile. Kwa wiki mbili palipendeza. Ikawa ni kumwongezea blanketi mgonjwa wa homa.

Jaribio ninalomtaka kila msomaji wangu alifanye kabla ya kutoa hata shilingi: mwambie muuzaji akupeleke kwenye kazi yake iliyokwisha kupitiwa na masika moja. Nenda na kandambili zilizolika soli. Mimi naenda na ndoo yangu ya bluu pia. Mwaga maji, subiri yasambae, halafu tembea kama unayewahi simu jikoni. Wawili niliowaomba hivyo walisema wateja wao wamesafiri.

Mkitafuta ushauri intaneti mtakutana na watu wa Colorado kule Marekani, wanaohangaika na barafu: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, hupasua zege, kwa hiyo zege lao huwekewa viputo vya hewa kwa makusudi. Wana haki, kwao baridi ni ya kuganda na kuyeyuka msimu mzima. Sakitu yetu ya Julai inaunguza viazi na chai alfajiri, na jua likipanda imeshayeyuka. Ukiuziwa "dawa ya barafu" kwa bei ya mbuzi wawili, cheka uondoke. (Mnaojenga kule Kitulo, haya, ninyi ulizeni.)

Baridi yenyewe inasumbua kwa njia nyingine. Usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, zege linachelewa kushika. Fundi aliyejifunzia Dar anapima muda kwa mazoea ya Dar, anagonga muhuri zege likiwa bado uji, alama zinajifuta. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kazi hii. Akitaka kuanza Februari kwa sababu yuko huru, jiulize kwa nini yuko huru.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja kwangu si zege la muhuri kabisa. Ni zege la kokoto wazi: linamwagwa, na kabla halijakomaa uso wake unasuguliwa kwa brashi na maji mpaka vichwa vya kokoto vinachomoza. Halitelezi. Rangi ni ya jiwe lenyewe, haina pa kupaukia. Nimebomoa njia ya getini hadi mlango wa jikoni nikaweka hili, na baba mkwe ameshapita mara nne, mvua mara mbili. Ubaya wake ni miguu peku, na mtoto akianguka magoti yanalia. Chagua kokoto za mviringo, si zile za kupasuliwa zenye makali.

Namba mbili ni zege la muhuri, kwa masharti. Muhuri uwe wenye sura ya jiwe lililochanika, lenye mikwaruzo, usiwe ule laini wa kigae. Rangi ichanganywe ndani ya zege lote badala ya kunyunyizwa juu tu, na iwe oksaidi ya chuma: nyekundu, njano, kahawia, nyeusi. Jua la mita 2,000 juu ya bahari ni kali kuliko linavyoonekana kwenye baridi, na buluu na kijani za bei chee hupauka mapema. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Mikato iwe kila mita 3 au pungufu, kina cha robo ya unene, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia, na litachagua katikati ya ua lako zuri.

Vanishi ya kunyonywa, mimi ni mtu wa kampuni ya Sika na sifichi. Natumia Sikagard-700 S, nililetewa kutoka Dar. Hawanilipi, wala hawanijui. Baada ya kupaka, zege lilibaki na sura ile ile, mpaka shemeji akauliza kama nimeibiwa. Nilimmwagia maji mbele yake, yakasimama vidonge vidonge. Kwenye saruji nasoma mfuko: 42.5, si 32.5. Hiyo namba ni nguvu yake baada ya siku 28, na ile kubwa ndiyo ninayoitaka kwenye baridi. Nachukua Tembo kwa sababu kiwanda kiko Songwe, Mbeya, inanifikia ikiwa bado changa. Mfuko uliolala miezi mitatu kwenye stoo ya unyevu una mabonge, hata uwe na jina gani.

Namba tatu, pevingi, yale matofali ya zege ya kupangwa chini. Sentimita 6 pa kutembea, 8 pa gari. Uzuri wake ni kwamba bomba likipasuka unang'oa na kurudisha. Huku kwetu viungio vyake huota ukijani, kwa hiyo nunua na brashi ngumu kabisa.

Vigae vya nje sivipangi. Plasta ya redioksaidi ni rahisi, ikae ndani. Ile plasta nyembamba ya muhuri inayopakwa juu ya sakafu kuukuu, nimeona mbili, zote zimebanduka.

Kuhusu bei, jamani. Niliambiwa 45,000 kwa mita ya mraba, nikafurahi, sikuuliza mita ya unene gani. Nilipokuja kuvunja ile njia nilipima kwa futi kamba: mahali pengine sentimita 6. Wavu wa nondo nilioulipia ulikuwa umelala chini kabisa juu ya udongo, unashikilia nini sijui. Rangi ililetwa kwenye mfuko wa sukari, haina jina. Vanishi ililetwa kwenye dumu la mafuta ya kula, na nikiuliza ni kampuni gani, jibu ni "mama, hii ni ya nje." Nje ya wapi? Kama ni nje ya Njombe hata chumvi ni ya nje. Lipeni kwa mafungu, na fungu la mwisho lisitoke kabla kopo halijafunguliwa mbele yenu na kibandiko chake mmekisoma.

Wiki iliyopita jirani alinionyesha tangazo kwenye simu yake, yule fundi anatafuta wateja wa Makambako. Picha ni ya uwanja wangu, siku ile ya kwanza, mkavu, unang'aa. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ndoo yangu ya bluu inaonekana.