Tuisheni ya hesabu za sehemu hapa Mwanga Kigoma, dogo kasoma wiki sita

Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, anakaa kwangu hapa Mwanga, hesabu alikuwa anarudi na 12, akijitahidi sana 18. Siku moja nikakaa nae mezani nikagundua shida sio aljebra wala nini, shida sehemu, yan vitu vya shule ya msingi. Nusu jumlisha theluthi kaniandikia mbili ya tano, juu kwa juu chini kwa chini, na hana hata wasiwasi. Na ni huyu huyu ukimtuma dagaa sokoni wakimpunja robo anarudi kugomba!

Mwanzo nilimpeleka kwa jamaa mmoja simtaji, watoto wamejaa kama daladala, kugawanya sehemu anaandika tu ubaoni "geuza, zidisha", wanakariri wanaondoka. Elfu 15 ya mwezi ikapotea hivi hivi. Ndo jirani akanielekeza kwa huyu ticha wa sasa, anafundishia uani kwake chini ya turubai, mabenchi matano, watoto kumi na kitu.

Siku ya kwanza nikakaa benchi la nyuma nione hela yangu inaenda wapi. Ticha hakuandika kanuni hata moja, akawapa vipande vya karatasi virefu vinavyolingana, kimoja wakunje kipate sehemu mbili sawa, kingine tatu, kingine sita. Akawauliza nusu na theluthi mkiziunganisha zinafika wapi, wakaziweka juu ya kile cha sehemu sita, nusu ikala vipande vitatu, theluthi viwili, jumla vitano vya sita. Halafu akamgeukia dogo wangu, "sasa wewe mwenye mbili ya tano, umeanza na nusu, umeongezewa, umeishia na pungufu ya nusu, hiyo nyongeza imeliwa na nani?" Uani mzima kicheko, nae akacheka, na toka siku hiyo hajarudia.

Kitu kingine ambacho mi sikukifikiria ni lugha. Msingi hawa watoto walisoma kiasi (namba ya juu ya sehemu), asili (ya chini), KDS (kigawe kidogo cha shirika), wakafika sekondari kila kitu kimegeuka kiingereza, sa dogo alikuwa anajua asili ni nini ila dinomineta, yan asili hiyo hiyo kwa kiingereza, akiisikia anaganda tu, na LCM alidhani ni topiki mpya kabisa kumbe ndo KDS ile ile aliyoiweza darasa la tano. Ticha kawaandikisha maneno yote ukurasa mmoja, huku kiswahili huku kiingereza, na swali analisoma kwa lugha zote mbili. Kwangu mi hapo tu pesa yangu imerudi.

Kugawanya alitumia mawese, tuko Kigoma bwana! Una lita 3, chupa zako zinaingia robo tatu lita, utajaza ngapi? Wakahesabu robo zote zikawa 12, kila chupa inakula 3, basi chupa 4, ndo baadae akawaonyesha kumbe kugeuza robo tatu ikawa nne ya tatu na kuzidisha kwa 3 kunaleta jibu hilo hilo.

Sasa mabaya. Elfu 20 kwa mwezi sio ndogo, na fotokopi anachaji pembeni bila kukwambia mapema, mi nililipa elfu 3 nyingine nikanuna. Mvua ikinyesha hakuna kipindi na hakifidiwi. Halafu anaenda polepole mno, wiki nzima wako kwenye kulinganisha tu ipi kubwa kati ya moja ya nne na moja ya nane, dogo wangu ilimsaidia ila mtoto mwepesi atasinzia pale.

Jaribio la juzi shuleni kaleta 41. Nampa ticha nyota nne ya tano, na msijumlishe juu kwa chini.

Ukimpeleka mwanao muwahi mabenchi ya mbele, la nyuma mguu mmoja umeoza, na kipindi wanasema saa kumi ila ticha mwenyewe utamuona kumi na robo.