Fundi aliyenipandishia kasi ya prosesa, kisha akataka namba ya shemeji

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki kusubiri zipoe. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu, naishi Kirumba, Mwanza, na kompyuta yangu ya mezani ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Niliipeleka kwa fundi mmoja pale mjini, upande wa Makoroboi, apulize vumbi na abadilishe pesti ya prosesa. Basi. Vumbi na pesti.

Alipoifungua akaona ni i7-8700K, macho yakamng'aa. "Dada, prosesa ya K unaiachaje inatembea mwendo huu? Nikupigie ovakloki, elfu sitini tu, utarenda mpaka ushangae." Ovakloki naijua: ni kuikimbiza prosesa kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani. Hiyo K mwishoni maana yake Intel hawakukifunga kizidishio: unachukua 100 MHz ya msingi, ukizidisha kwa 50 unapata GHz 5.0. Nilikuwa na harusi tatu mezani za kurenda, yaani kuzigeuza kuwa faili la mwisho la video, na wateja wanapiga simu asubuhi na jioni. Nikakubali.

Nimtendee haki kwenye usafi. Kipoza joto kilirudi kinang'aa, mpaka wale wadudu wa ziwani waliokaukia kwenye mapezi yake walitolewa wote (mnaokaa karibu na maji mnawajua, wale wanaonyanyuka ziwani kama moshi na kuingia kila penye tundu). Nilipangusa kidole pale ndani, kikatoka kisafi. Kwa kazi hiyo nilikuwa tayari kumsifia kwa kila mtu.

Mashine ilijaribiwa mbele yangu kwa dakika kumi. 5.0 kwenye skrini, haikutikisika, nikalipa, nikaipakia kwenye bajaji. Kumbukeni hizo dakika kumi, na kumbukeni kwamba duka lile lina kiyoyozi kinachokufanya utamani sweta.

Usiku uleule nikaanza kurenda. Dakika ya ishirini na kitu, skrini ya bluu. Nikaiwasha tena, ikafika mbele zaidi, ikajizima na kujiwasha bila hata bluu. Kesho yake hivyohivyo. Ukifungua intaneti, ukiandika, ukisikiliza muziki siku nzima, haina shida. Ukiipa kazi nzito tu, inakufia mikononi.

Halafu likaja lililoniuma kuliko yote. Harusi moja ilirenda mpaka mwisho bila kukatika. Nikashukuru Mungu, nikaweka kwenye flashi, nikampelekea mteja Pasiansi. Jioni simu: "Dada, mbona mama ana rangi ya kijani?" Nikafungua faili langu. Wakati wa kulishana keki, mama mzaa chema anainama kupokea kipande kutoka kwa binti yake, na hapo hapo kiraka cha kijani chenye kona nne kimeziba uso wake, kama sekunde mbili, kisha kikaondoka. Nikakagua picha halisi za kamera: safi kabisa. Kiraka kilizaliwa ndani ya kompyuta yangu. Yule mama alikuwa analia kwa furaha pale, na mimi ndiye niliyempelekea familia yake kile kijani.

Nikarudi dukani na mashine begani. Nikamweleza fundi taratibu: inazima kwenye kazi nzito tu, faili zinatoka na kasoro, nadhani volti haitoshi kwa kasi hiyo. Hakuniangalia. Akasema Windows yangu ni ya kukraki ndiyo inayosumbua, elfu ishirini na tano anapiga nyingine. Nikalipa, kwa sababu nilitaka kazi iende. Ikapigwa. Usiku ule bluu tena.

Niliporudi mara ya tatu akahamia kwenye umeme. "Umeme wa huko Kirumba haujatulia." Nikamwambia ninayo stebilaiza na UPS, na taa ya chumbani haijawahi hata kufifia mashine inapozima. Nikamwonyesha kwenye simu picha nilizopiga orodha ya matukio ya Windows hiyohiyo mpya aliyoipiga yeye: tukio namba 41, yaani mashine imezimika bila kufuata utaratibu, na kabla yake mlolongo wa namba 19 kutoka WHEA, yaani prosesa imekosea ndani ikajirekebisha. Windows ina siku mbili, haijawekwa kitu, na makosa ni yaleyale. Kosa la Windows liko wapi hapo?

Akacheka. Akawageukia wateja wengine wawili, kisha akaniambia: "Dada, haya mambo ni ya kiufundi. Shemeji yupo? Nipe namba yake nimwelekeze yeye."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyotoka. Mimi ndiye ninunuaye mashine, mimi ndiye nihaririye, mimi ndiye niliyemwekea yale makosa mbele ya macho yake, na yeye anataka mwanaume wa kumwelekeza. Mkononi alikuwa ameshika bisibisi, akawa anaigongagonga mezani, tak, tak, tak, akisubiri namba. Wale wateja wakaangalia chini. Nikabeba mashine yangu nikatoka, na kama ningebaki dakika moja zaidi ningesema maneno ambayo siyasemi mbele za watu.

Nikiwa natafuta bajaji, kijana wake, yule anayepuliza vumbi, akanifuata mbio. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, siku ile tuliwasha na XMP ya ram. Vyote viwili pamoja. Jaribu kimoja kimoja." Akarudi ndani kabla hajaonekana. XMP ni mpangilio unaozikimbiza ram kuliko kasi yao ya kawaida.

Huyo kijana ndiye fundi wa duka lile. Maneno yake machache yalizidi elfu themanini na tano zangu.

Nilichofanya nyumbani nakiandika kwa sababu kuna mwingine kashalipishwa kama mimi. Kwanza nikaingia bayosi, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka, nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, kisha nikarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Nikarenda usiku kucha. Haikuzima. Kumbe mashine ni nzima, umeme wa Kirumba ni mzima, Windows ni nzima.

Pili nikawasha XMP peke yake, prosesa nikaiacha kawaida, nikaendesha MemTest86, programu ya kupima ram, kutoka kwenye flashi. Haikufika saa nzima, mistari myekundu ikaanza kushuka. Ram zangu ni jozi mbili za kampuni tofauti, nilizinunua nyakati tofauti, na fundi kazilazimisha zote zikimbie 3200. Nikazishusha 2666, kiwango ambacho prosesa yenyewe imeandikiwa. Makosa sifuri, mizunguko yote minne. Hilo moja.

Tatu nikairudisha ile 5.0 yake, ram zikiwa zimetulia, nikafungua Prime95, programu ya kuibana prosesa kwa hesabu nzito. Dakika chache tu uzi mmoja ukasimama: kosa la hesabu lililotakiwa liwe chini ya 0.4 limetoka 0.5. Nikaangalia volti. Yeye aliweka 1.25, lakini mzigo ukipanda ilishuka mpaka 1.20. Ni sawa na nyumba yenye waya mwembamba, ukichomeka pasi taa inafifia. Bayosi ina mpangilio wa kuzuia volti isishuke hivyo, yeye hakuugusa. Nikapandisha mpaka 1.30, makosa yakakoma, lakini joto likapanda hadi nyuzi 97, na prosesa hii ikifika 100 inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Chumba changu kiko chini ya bati, mchana miamba ya huku inarudisha joto lote iliyolimeza. Dukani kwake baridi ya kiyoyozi ilikuwa inamfichia nyuzi kadhaa, na dakika kumi hazitoshi hata kipoza joto kupata moto sawasawa. Mtu anayeuza ovakloki Mwanza aijaribu kwenye joto la Mwanza, na aiache saa nyingi.

Nikakishusha kizidishio hatua kwa hatua, 49, 48, nikabadilisha kitu kimoja tu kila mara na kukiandika kwenye daftari. Nilipofika 47 kwa volti 1.22 ikatulia: nyuzi 84 kwenye mzigo mzito kabisa, usiku mzima, hakuna namba 19 hata moja. Nikarenda upya ile harusi ya Pasiansi, nikaitazama yote kwa macho yangu, keki na machozi, uso wa mama uko wazi. Nikawapelekea bure pamoja na picha moja kubwa ya kutundika ukutani.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema nyota moja, msiende. Halafu nikapiga hesabu: ikitoka kiwandani, viini vyote sita vikifanya kazi prosesa hii inatembea 4.3. Sasa inatembea 4.7. Kazi ya saa nzima inaisha kwa dakika hamsini na tano. Kwa mtu mwenye harusi tatu kila wiki dakika hizo zina maana, na bila yeye nisingewahi kuingia bayosi. Usafi wake, narudia, sijaona kama ule hapa jijini. Nikasema basi, nyota mbili, hata tatu.

Lakini kila nikifika hapo nasikia ile bisibisi mezani. Kukosea volti ni kosa la fundi yeyote, prosesa hazifanani, moja inabeba 5.0 na pacha wake haibebi. Hilo ningelisamehe siku hiyohiyo kama angesema "hebu tuangalie". Yeye aliniuzia Windows nisiyoihitaji, kisha akanitafutia shemeji. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kijana.

Ukitaka kupulizwa vumbi, nenda, lakini umuulize yule kijana kwanza, na akikwambia tajiri ndiye atakayeishika mashine, beba urudi nayo. Mimi nimemtumia fundi ujumbe na picha za bayosi, za kwake na za kwangu, na nikamwomba anirudishie elfu ishirini na tano ya Windows. Tiki za bluu zipo tangu juzi. Hajajibu.