Casio F-91W: saa imara isiyoijua 29 Februari

Kwa bei yake, Casio F-91W iliyotoka mwaka 1989 haina mpinzani. Betri ya CR2016 hudumu takriban miaka 7, na saa haikimbii wala kuchelewa zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Kabla ya kulipa, shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde 3. Iliyo halisi huandika CASIo.

Kasoro yake ni kwamba haihifadhi mwaka, kwa hiyo Februari kwake ina siku 28 daima. Ndivyo Warumi walivyoihesabu zamani. Kwa mapokeo yao, Mfalme Numa ndiye aliyeongeza Januari na Februari juu ya mwaka wa miezi 10. Namba shufwa waliziona za mkosi, wakaipa miezi mingine siku 29 au 31. Februari, mwezi wa kujitakasa na kuwakumbuka wafu, ikaachiwa 28. Julius Caesar akaja na mwaka mrefu, wenye 29 Februari, mnamo 45 KK. Kile kisa cha Augustus, mtawala wa Roma baada ya Caesar, kuipokonya Februari siku na kuipa Agosti si cha kweli: hizo 28 zilikuwepo kabla hajazaliwa.

Tarehe 29 Februari 2028 itakuwa Jumanne, na saa hii itaandika TU 1. Siku ya wiki itakuwa sawa, maana huhesabiwa peke yake. Tarehe ndiyo itakayotangulia, na itatangulia hivyo hivyo mpaka uirekebishe.

Ngoja ifike 1 Machi. Bonyeza kitufe cha chini kushoto mara 3 hadi sekunde zimetemete. Cha kulia usikiguse hapo, kitazirudisha sekunde kwenye 00. Sogea kwa kitufe cha juu kushoto: saa, dakika, mwezi, tarehe, sasa tumia cha kulia kubadili namba. Mwezi ukague vizuri, kwa sababu kwa kawaida hauonekani kwenye kioo, na ukiwa umekaa Aprili, tarehe 31 itarukwa. Tarehe ikigeuka saa sita mchana badala ya usiku, alama ya PM imewekwa kinyume.

Asiyetaka usumbufu huu achukue AE-1200WH, kubwa zaidi mkononi, yenye kalenda kamili hadi 2099. Mwaka 2100 hautakuwa mrefu: kwa kanuni ya Papa Gregori XIII ya 1582, mwaka wa kufunga karne huwa mrefu ukigawanyika kwa 400 tu.