Kipoza prosesa kifupi kwa kompyuta ndogo: cha kununua ukiwa Lamu

Wanaopima vipoza mara nyingi hupimia kwenye vyumba vya nyuzi joto 20 na ushee. Huku kwetu, Februari au Machi, chumba kisicho na eisii hupita 30, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongeza karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Kwa hiyo kipoza kinachosifiwa huko kuwa kinatosha, hapa kitakuwa kimelemewa. Kanuni yangu ni moja: soma kimo cha kipoza ambacho keisi yako (kasha la kompyuta) inaruhusu, kisha nunua kipoza kikubwa kuliko vyote kitakachoingia.

Cha kwanza kwangu ni Thermalright AXP90-X47. Kina kimo cha milimita 47, mirija minne ya kusafirisha joto na feni ya milimita 92. Kwa prosesa ya wati 65 kama Ryzen 5 5600G, sioni sababu ya kutafuta zaidi. Kipo pia cha shaba yote, ambacho hupoza vizuri zaidi kidogo, lakini hewa ya chumvi haina urafiki na shaba isiyopakwa kitu: hufifia, kisha hushika ukijani. Chukua chenye mapezi (yale mabamba membamba yanayotoa joto) ya alumini.

Tatizo ni nafasi. Kompyuta ndogo ya ASRock DeskMini X300 inaishia milimita 46, yaani milimita moja tu inakunyima. Hapo cha pili kinakuwa ndicho: Noctua NH-L9a kwa AMD, au NH-L9i kwa Intel. Kimo ni 37, na upana ni 114 kwa 92 kwa NH-L9a, 95 kwa 95 kwa NH-L9i, hivyo hakigusi RAM hata iwe ndefu vipi. Dhamana yake ni miaka 6. Lakini kwa udogo huo, kazi nzito ya video itaifanya feni ilie. Ikiwa mazabodi inaruhusu, ishushe prosesa hadi wati 45. Utapoteza kasi kidogo na kupata utulivu mwingi.

Keisi ikiruhusu 70, sahau hivyo viwili, chukua Noctua NH-L12S. Feni yake ya 120 hukaa chini ya mapezi na huzunguka polepole.

Wraith Stealth, kipoza kinachokuja ndani ya boksi la prosesa za AMD, ina kimo cha 54 na haina mrija hata mmoja. Kwa kazi za ofisi inafaa, si kwa kuhariri video mchana wa kaskazi.

Chochote utakachochukua, mapezi yamebanana, na vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi huganda. Pitisha brashi laini kila mwezi, kompyuta ikiwa imezimwa.

Unapoagiza Mombasa au Nairobi, mtajie muuzaji soketi yako (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi), AM4, AM5 au LGA1700, kwa sababu vishikizo havifanani, na uagize pamoja pesti ya kupaka kati ya prosesa na kipoza. Mzigo ukija na kishikizo kisichofaa, kuurudisha ni boti hadi Mokowe, kisha basi.