Kipimo cha FAST: Je, kinamfaa mlezi wa nyumbani?

Kipimo cha FAST (kifupi cha Kiingereza cha Functional Assessment Staging Tool) huifikia familia kama karatasi moja ya hatua 7 za demenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kunakozidi kadiri muda unavyopita. Kilitokana na kazi ya Barry Reisberg, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye mwaka 1982 yeye na wenzake walichapisha mgawanyo wa kwanza wa hatua hizo. FAST ilifuata, ikipima ugonjwa kwa kuangalia shughuli za kila siku ambazo mgonjwa bado anazimudu. Nimekitumia nikimuuguza mzazi, na ninakipima hapa kama chombo cha mlezi, si cha daktari.

Hatua 3 za mwanzo hazina mengi ya kumpa mlezi. Manufaa huanza kwenye ya 4, mgonjwa anaposhindwa na hesabu za fedha, na ya 5, anapohitaji kuchaguliwa nguo. Sehemu bora kuliko zote ni hatua ya 6, iliyogawanywa katika ngazi 5 zinazofuatana: kuvaa, kuoga, kutumia choo, kuzuia mkojo na kuzuia haja kubwa. Mlezi anayemkuta mgonjwa amevaa shati la kutokea juu ya nguo za kulalia, au amepishanisha viatu, hujua kwamba shida inayofuata itakuwa ya bafuni, hivyo huanza mapema kumpimia joto la maji na kutandika mkeka usioteleza, kabla mgonjwa hajaungua wala kuanguka. Utabiri wa namna hii sijauona katika vipeperushi vinavyoishia kusema ugonjwa ni mwepesi, wa wastani au mkali.

Hatua ya 7 inaeleza ukweli, ila kwa ukavu: maneno hupungua hadi kama 6 kwa siku, kisha hupotea uwezo wa kutembea, kukaa, kutabasamu na hatimaye kushikilia kichwa. Kuhusu kumeza haisemi lolote, ilhali kupaliwa na chakula ni miongoni mwa hatari kubwa za kipindi hicho. Wala kipimo chote hakigusi shuku, hasira na kuzurura usiku, mambo ambayo, kwa maoni yangu, humchosha mlezi kuliko kufua mashuka.

Kasoro nyingine ni kwamba kiliundwa kwa ajili ya Alzheimer, aina moja tu ya demenshia. Demenshia itokanayo na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo mara nyingi hushuka kwa vishindo, na ile ya Lewy, itokanayo na mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo, hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja, kwa hiyo ngazi hizi hazitafuatana.

Anayekitumia aandike tarehe kando ya kila ngazi na kumwonyesha daktari. Mgonjwa akiporomoka ngazi kadhaa kwa siku chache, asihesabiwe kuwa ameingia hatua mpya: huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, choo kigumu au madhara ya dawa mpya, na anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.