Mavazi ya walinzi wa mfalme, Bagamoyo: kazi safi, kofia bado

Walimu wa sanaa za maonyesho, huku Bagamoyo upande wa Mji Mkongwe kuna fundi anayekodisha mavazi ya jukwaani. Nimechukua kwake seti za walinzi kwa ajili ya Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, ya wanafunzi wangu.

Wengi humchukulia mlinzi kama pambo la mlangoni. Mimi sikubali hata kidogo. Katika tamthilia hiyo Mfalme Duncan anauawa kwa majambia ya walinzi wake mwenyewe, kwa sababu wamenyweshwa kinywaji chenye dawa wakalala fofofo, kisha wanapakwa damu ili lawama iwaangukie. Fundi alinielewa upesi. Ala za majambia amezishona pana, jambia linachomoka kiunoni bila kumgusa aliyelala. Lenyewe ni la mbao, ncha imeviringwa vizuri. Kanzu ni nyekundu, nzito, ina bitana, na kwapani kapiga mishono miwili. Vijana wamebingirika nazo na hakuna iliyofumuka.

Maishani pia mlinzi ndiye ngao au ndiye hatari. Mwaka 1527 walinzi Waswisi 147 walikufa Roma wakimlinda Papa Klementi VII. Mwaka 41 baada ya Kristo Kaizari Caligula wa Roma aliuawa na maofisa wa walinzi wake mwenyewe. Nataka mwanafunzi akivaa ile kanzu aujue uzito huo.

Kofia hazijanifurahisha, zinashuka mpaka machoni. Bei ni shilingi 12,000 kwa seti kwa siku, haki kabisa. Mpelekee vipimo vya vichwa mapema, na mikuki ifuateni na gari lenye keria.